Mkono Niliouchora Mimi

Siku yangu ya kwanza katika ile shule ya sekondari, kusini mwa London, walinivisha kadi shingoni na kunitembeza ghorofa zote nne. Mwanamke aliyenitembeza aliongea haraka na mimi nilishika machache. Kwa la mwisho alisimama mlangoni, akanitazama usoni ili ahakikishe nimelisikia: kazi ya mwanafunzi haiguswi. Unaweza kumtia moyo, unaweza kumuuliza swali, lakini mkono wako usifike kwenye karatasi yake.

Niliitikia kwa kichwa bila shida. Nilikuwa nimefundisha uchoraji miaka kumi na mmoja katika chuo cha ualimu huko Tanzania, na mimi mwenyewe niliwaambia wanachuo wangu jambo hilohilo. Sikuona kwamba lilikuwa zito.

Nilikuja London kumfuata mke wangu, ambaye ni muuguzi. Vyeti vyangu nilivituma kwa watu wanaovipima, na barua ikarudi ikisema kwamba nikitaka kuwa mwalimu hapa ni lazima nisome upya, karibu kila kitu. Nikachukua kazi ya msaidizi wa darasani, kwa muda tu, mpaka nijipange. Muda huo ukafika miaka sita.

Idara ya sanaa ilikuwa ghorofa ya tatu. Upande mmoja kulikuwa na vyumba viwili vya uchoraji na chumba kidogo cha tanuri la umeme la kuchomea vyombo vya udongo. Upande wa pili, baada ya milango miwili inayofunguliwa kwa kadi, kulikuwa na watu wa maigizo, muziki na dansi. Kazi yangu ilikuwa kuosha brashi, kukata karatasi, kupanga vyombo kwenye tanuri, na kukaa pembeni ya mtoto ambaye karatasi zake za ofisini zilisema anahitaji mtu wa kukaa pembeni yake. Madirisha yalifunguka kiasi cha kupitisha kiganja, kwa usalama wa watoto. Mabomba ya joto hayakuwa na mtu wa kuyazima hata mwezi wa tano.

Naona makosa kwenye mchoro kabla sijajua kwamba nimeyaona. Ni kama mtu mwenye sikio la muziki anavyosikia gitaa lisilokazwa vizuri. Bega limepanda, jicho la pili liko chini kidogo, kivuli kimeanguka upande wa mwanga. Nilizunguka chumba kile siku tano kwa wiki, miaka sita, nikiyaona yote hayo na mikono yangu imekunjwa nyuma ya mgongo. Nilijifunza kuuliza maswali. "Unadhani mwanga unatokea wapi?" Hilo liliruhusiwa. Mara nyingine mtoto aliona, mara nyingi hakuona, nami nikasogea kwa mwingine.

Watu wachache waliojua historia yangu waliniuliza kwa nini sichori nyumbani. Niliwaambia nachoka, na kweli nilichoka. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa kukaa mezani, kushika penseli, na kukuta kwamba mkono umekwishasahau. Afadhali nisijue.

Katika mwaka wa sita nilipangiwa msichana wa miaka kumi na sita. Alizaliwa hapa. Mama yake alitoka Bukavu, Kongo, na alisuka nywele katika saluni moja Peckham, karibu na kituo cha treni. Binti alikisikia Kiswahili chote, hata cha mizaha, ila alijibu kwa Kiingereza siku zote. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye akili, na mitihani ilimgandisha. Mwaka uliotangulia alikaa kwenye jaribio la sayansi saa moja na nusu nzima bila kufungua kifuniko cha kalamu. Ndiyo maana akaruhusiwa kuwa na mtu wa karibu kwenye mitihani, na akizidiwa, atoke naye nje dakika tano, kisha warudi.

Kwenye mkutano wa wazazi mama yake alinikuta nikipanga viti. Aliposikia nikimsalimu kwa Kiswahili alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu," akasema, "mutoto anafanya namna gani ku masomo?"

Nilimweleza kwamba mimi si mwalimu, ni msaidizi tu. Alinitazama kama nimesema jambo lisilo na maana. "Sawa, Mwalimu. Unikalie naye karibu."

Hakuna mtu mwingine katika jengo lile aliyeniita hivyo. Nilitembea nalo neno hilo wiki nzima, na naona sasa kwamba lilinifurahisha kupita kiasi.

Mtihani wao wa sanaa si wa karatasi ya maswali. Mtoto anapewa mada miezi mitatu kabla, anajaza daftari zima la michoro ya majaribio, kisha anafungiwa chumbani kwa jumla ya saa kumi, zilizogawanywa siku mbili, ili afanye kazi moja ya mwisho. Katika saa hizo hakuna kumfundisha. Hata swali la mwanga haliruhusiwi.

Binti alichagua kumchora mama yake akiwa kazini. Mama amesimama nyuma ya mteja, kioo mbele yao, chupa za mafuta kwenye rafu, na mikono yote miwili imo ndani ya nywele. Alichora vizuri. Alikuwa na jicho la rangi ambalo halifundishwi. Ngozi ya mama yake aliipaka kwa zambarau na kijani na bado ukaona ni ngozi. Ila mkono wa kushoto ulimshinda. Ndio mkono unaoshika kifungu cha nywele na kukikaza wakati wa kulia unasuka, na vidole vinakaa katika namna ngumu, viwili vimejificha, kimoja kimepinda. Aliujaza kurasa na kurasa za daftari. Nilikaa pembeni yake nikiuona ukikosewa kila mara mahali palepale: kidole gumba kiliota kwenye kiganja badala ya kuota kwenye kifundo cha mkono.

Siku ya kwanza ya mtihani walikuwa kumi na wanne chumbani. Mkuu wa idara ya sanaa alisimamia mwenyewe. Alikuwa mama wa Kiingereza mwenye nywele fupi za mvi, mwalimu mzuri, mwenye haki kwa watoto, na aliishi nami vizuri. Miaka sita hakuwahi kuniomba nimwonyeshe mchoro wangu hata mmoja, wala mimi sikuwahi kumpelekea.

Saa mbili za kwanza binti alienda vizuri. Alimaliza bega la mteja, akaweka mwanga wa kioo. Halafu akafika kwenye mkono. Alipaka, akafuta kwa kitambaa, akapaka tena. Kufikia saa tano asubuhi mkono ulikuwa umevimba kama glovu iliyojazwa mchanga, na brashi yake ilikuwa imesimama hewani. Niliijua ile hali. Niliinua kidole kwa mkuu wa idara, akakubali, tukatoka.

Kwenye korido aliegemea ukuta na kufumba macho.

"Siwezi," akasema kwa Kiingereza.

"Unaweza," nikamwambia kwa Kiswahili. Zaidi ya hapo sikuruhusiwa.

"Unajua kosa liko wapi?"

Nikatazama saa ya ukutani.

"Sikuulizi unionyeshe," akasema. "Nataka kujua tu kama unajua."

"Najua."

Alifumbua macho akanitazama muda kidogo, na nikaona kwamba jibu hilo halikumsaidia. Pengine lilimwongezea mzigo. Tulirudi ndani dakika ya tano ilipotimia.

Saa ya chakula watoto waliteremka na kazi zikabaki mezani. Utaratibu ulitaka watu wazima wawili wabaki, au mlango ufungwe kwa ufunguo. Mkuu wa idara alikuwa hajanywa hata maji tangu asubuhi. "Nateremka kuchukua sandwichi," akaniambia. "Dakika tano. Usitoke." Mlango ukajifunga nyuma yake.

Nilitembea kati ya meza kama kawaida, mikono nyuma. Nilifika kwenye kazi ya binti nikasimama. Rangi ilikuwa bado mbichi. Kidole gumba kilikuwa palepale kilipokuwa miezi mitatu. Nilijiambia nitakisogeza hicho tu, pigo moja la brashi, na ataendelea mwenyewe bila hata kugundua. Nilijiambia vilevile kwamba mtoto huyu akiganda mchana wote, kazi nzuri kama hii itapotea kwa sababu ya kidole. Mtu akitaka kufanya jambo, hakosi maneno.

Nilichukua brashi yake ndogo. Nilisogeza kidole. Kiliposogea, kifundo kikaonekana kimekosewa, nikakirekebisha. Kisha mstari wa kidole cha shahada. Kisha mwanga juu ya kucha. Nakumbuka kwamba nilianza kupumua kwa namna nyingine, taratibu, toka chini ya tumbo, na kwamba sikuwaza chochote. Mkono wangu haukuwa umesahau. Ulikuwa umekaa miaka sita ukisubiri, na sasa ulifanya kila nilichotaka na mengine ambayo sikuyataka bado. Sijui nilitumia muda gani. Niliposikia watoto kwenye ngazi, mkono wa kushoto wa mama yake ulikuwa umekamilika, mzuri, umetulia ndani ya nywele kana kwamba haukuwahi kuwa mahali pengine.

Nilisuuza brashi na kuilaza kama alivyoilaza, ncha ikitazama dirisha. Hata katika hilo nilikuwa mwangalifu, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi nikikumbuka.

Mkuu wa idara aliingia pamoja na watoto, akasema samahani, foleni ilikuwa ndefu.

Binti alikaa. Niliuona mgongo wake ukinyooka. Alikaa hivyo, bila kusogea, kwa muda ambao ulinitosha kuhesabu chupa zote kwenye rafu yake aliyoichora. Hakugeuka kunitazama. Kisha alichukua brashi nyingine, siyo ile, akaanza kupaka chupa za mafuta. Alipaka chupa mpaka kengele ya mwisho. Hakuomba mapumziko. Alipotoka alipita mbele yangu kama mtu anavyopita mbele ya kabati.

Jioni mke wangu alirudi kutoka zamu ya mchana akanikuta napika ugali na mboga, nikipiga mluzi.

"Leo umechangamka," akasema. "Kuna nini?"

"Kazi ilikuwa nzuri tu."

Alifurahi. Alikaa jikoni hata kabla ya kuvua koti, ili anisikilize. Sikuendelea. Mluzi wenyewe ulikuwa umenitoka bila mimi kujua, na nilipougundua nikaona haya mbele ya sufuria.

Siku ya pili binti alikuwa wa kwanza kufika. Alikamua rangi nyeupe nzito kwenye kisahani, akachukua brashi pana, na kwa mapigo manne au matano akaufunika mkono wangu wote. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Sikuweza kusema neno, sheria haikuniruhusu. Sikuweza kutoka, kazi yangu ilikuwa kukaa pale. Nilitazama doa jeupe likikauka katikati ya picha. Mkuu wa idara alipita nyuma yake, akasimama kidogo, akaendelea mbele.

Baada ya saa moja binti aliinua kidole mwenyewe. Tulitoka kwenye korido ileile.

"Ulikuwa mkono mzuri," akasema. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu, kama amekipanga usiku. "Lakini mama yangu hana mkono kama ule. Ule ni mkono wa mtu yeyote."

"Nisamehe."

"Wangu ulikuwa mbaya. Lakini ulikuwa wangu."

"Nisamehe, mwanangu. Nitamwambia mkuu wa idara leo."

Hapo ndipo aliponigeukia, na niliona hofu usoni mwake, ile ya mitihani. "Usimwambie. Wataifuta kazi yangu yote. Nimekwisha kuufunika, si basi? Niahidi."

Nikamwahidi. Kilikuwa kitu pekee alichowahi kuniomba.

Alirudi akauchora mkono upya. Kidole gumba kilibaki kifupi mno. Lakini nilipoutazama mwisho wa saa ya kumi niliona jambo ambalo sikuliona miezi mitatu yote nilipokuwa natafuta makosa: mkono wake ulikuwa unavuta. Ulikaza zile nywele mpaka ngozi ya kichwa cha mteja ikainuka. Wangu ulikuwa umepumzika tu, mzuri, bila kazi yoyote. Yeye aliujua mkono ule kwa kichwa chake mwenyewe, tangu utotoni, akisukwa Jumapili baada ya Jumapili, na mimi nilikuwa nimeuona mara moja kwenye mkutano wa wazazi.

Mchana huo mkuu wa idara alileta fomu ya usimamizi. Ilisema kwamba waliosaini hapo chini wanathibitisha kuwa kila kazi imefanywa na mtahiniwa peke yake bila msaada. Alinipa kalamu. Binti alikuwa bado chumbani, anaosha brashi kwenye sinki, na nilijua anasikiliza. Nilisaini. Mkuu wa idara akasaini chini yangu.

Wiki tano zilizofuata sikuwa na mahali pa kutokea. Nikisema, namvunjia mtoto ahadi na huenda naivunja kazi yake pia. Nikinyamaza, jina langu liko kwenye karatasi ya uongo, katika jengo ambalo nimekuwa mwaminifu miaka sita hata kwa klipu za karatasi. Kila asubuhi nilipogusisha kadi kwenye mlango na taa ikawaka kijani, nilishangaa kwamba bado inanifungulia. Nilipoitwa ofisini kuhusu likizo yangu, nilivua kadi shingoni kabla ya kuketi. Nilipunguza kula mchana. Nikimwona mkuu wa idara akija nilianza kupanga rangi ambazo zilikuwa zimekwishapangwa.

Binti alikuwa na mitihani mingine, hisabati na sayansi, na nilikuwa nimeandikwa kukaa naye. Siku moja kabla ya mtihani wa kwanza niliambiwa kwamba ameomba apewe msaidizi mwingine. "Hakutoa sababu," akaniambia mtu wa ofisini. "Usilichukulie vibaya, watoto wanabadilika." Nikasema sawa. Nilikwenda kwenye chumba cha tanuri, mahali pekee pasipo na kioo mlangoni, nikakaa kwenye ndoo ya udongo iliyofungwa mpaka kengele ilipolia.

Kabla ya mkaguzi wa nje wa mitihani kufika, shule hufanya maonyesho. Kazi zinatundikwa ukumbini, watoto wa muziki wanapiga vipande vitatu vinne, wa dansi wanaonyesha walichofanya, wazazi wanazunguka na juisi kwenye vikombe vya karatasi. Mama wa binti alikuja moja kwa moja kutoka saluni, bado na vipande vya nywele bandia vimenasa kwenye sketi. Nilimwona akisimama mbele ya picha. Binti alisimama kando yake, amejikunja mabega, akisubiri. Mkuu wa idara alikuwa karibu nao, na mimi nilikuwa nyuma na trei ya vikombe.

Mama alitazama muda mrefu. Kisha aliunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya picha na kuulinganisha.

"Hii kidole iko mufupi," akasema. "Lakini ni mukono yangu. Yangu kabisa."

Binti alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka ndani ya shule ile. Halafu mama aligeuka, akaniona, akanijia na macho yamejaa machozi.

"Aksanti, Mwalimu. Ulimusaidia. Ulimusaidia sana."

Nilishika trei yangu. Binti alikuwa anatazama sakafu, mkuu wa idara alikuwa ananitazama mimi. Nilisema, "Amefanya mwenyewe, mama," na sauti yangu ilitoka ndogo, kama ya mtu anayekataa sifa kwa adabu. Mama akanipigapiga begani. Alidhani ni adabu.

Watu walipoondoka tulibaki wawili kukunja meza. Nilikuwa nimeshika upande mmoja wa meza na mkuu wa idara upande mwingine, na hapo hapo, kabla hatujaiinua, nikamwambia.

"Najua," akasema.

Aliiachia meza. Alisema siku ile alirudi mapema, akafika mlangoni na sandwichi yake, akaniona kupitia kioo. Alirudi akasimama kwenye ngazi mpaka watoto walipopanda.

"Kwa nini hukuingia?"

"Kwa sababu nilikuacha peke yako, na hilo ni kosa langu. Ningeingia ningelazimika kuliandika." Alivuta pumzi. "Na nilisimama pale kwenye kioo muda mrefu kuliko ilivyonipasa. Sikujua kwamba unaweza kuchora namna ile. Miaka sita yote sikujua."

Nilikuwa na hasira, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa kubwa. "Uliniletea fomu nisaini," nikamwambia. "Ulikuwa unajua, ukanipa kalamu."

"Na nikasaini chini yako," akasema. "Wiki tano nasubiri uniambie, ili nisiwe mimi wa kuanza."

Tulikaa kwenye kingo za jukwaa, kila mtu mwisho wake, kama watu wawili waliokosa basi moja. Tulikubaliana kwamba kesho yake tutakwenda pamoja kwa ofisa wa mitihani wa shule. Nikamwomba nimwone binti kwanza.

Nilimpata asubuhi nje ya maktaba. Nilimwambia kwamba nataka kuvunja ahadi niliyompa, na kwamba mkuu wa idara anajua tayari.

"Ungeniuliza kwanza," akasema.

"Nakuuliza sasa."

"Wakiifuta?"

"Sitakudanganya. Wanaweza. Lakini kila kazi ilipigwa picha mwisho wa kila siku, ndio utaratibu. Ya siku ya kwanza inaonyesha mkono wangu, ya siku ya pili inaonyesha wako. Kinachoonekana leo ni chako chote."

Alifikiri huku akivuta kamba ya begi lake. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, mara ya kwanza na ya mwisho, Kiswahili cha mama yake. "Useme tu. Nimechoka kupita njia ya chini kusudi nisikutane na wewe."

Yaliyofuata yalikuwa barua. Niliandika maelezo, mkuu wa idara akaandika yake, binti akaandika yake yenye mistari minane. Bodi ya mitihani ilitazama zile picha mbili na ikakubali kazi ya binti kama ilivyo. Mkuu wa idara alipewa onyo. Mimi nilipewa onyo la maandishi litakalokaa kwenye faili, nikazuiwa kuingia chumba chochote cha mtihani kwa miaka miwili, na ikaamuliwa kwamba kuanzia Septemba nisifanye kazi upande wa uchoraji. Niliposomewa hayo nilihisi nimeadhibiwa kwa haki, na wakati huohuo nilihisi mlango mwingine umefungwa kwa kadi isiyo yangu.

Nilimweleza mke wangu siku ile barua ilipokuja. Alisoma yote, akaikunja.

"Wiki ngapi umekaa na hili?" akauliza.

"Nyingi."

"Na mimi nipo hapa hapa, mezani." Alinyamaza siku mbili, na nilijua si kwa sababu ya shule.

Binti hakuja kuniaga. Nilisikia kutoka kwa mama yake, tulipokutana barabarani Peckham yeye amebeba mfuko wa ndizi za kupika, kwamba alifaulu na amekwenda chuo cha sanaa mashariki mwa jiji. Mama alijua habari yote kufikia hapo, niliona kwa namna alivyonisalimu. Bado aliniita Mwalimu, lakini hakunishika mkono.

Septemba nilivuka ile milango miwili kwenda upande wa dansi. Chumba cha dansi kina sakafu ya mbao, kioo ukuta mzima, na benchi moja refu. Nilipewa benchi. Mwalimu wa dansi alikuwa kijana wa kike aliyeanza kazi wiki ileile, na nadhani hakuna aliyemwambia habari zangu, au aliambiwa akazipuuza. Wiki ya pili mtoto mmoja alikuwa mgonjwa, na zoezi lilihitaji watu wawili wawili.

"Sir, unaweza kutusaidia kujaza nafasi?" akaniuliza.

Nilimwambia mimi ni msaidizi, nakaa pembeni.

"Najua. Tuna upungufu wa mtu mmoja tu."

Nilitazama mlango, kisha watoto ishirini na mmoja walionitazama kupitia kioo. Nina miaka arobaini na saba na goti bovu. Nilivua viatu na kadi, nikaviweka kwenye benchi, nikasimama mbele ya msichana mfupi mwenye miwani ambaye alionekana kusikitika kwa kupangiwa mimi. Tulitakiwa kuegemeana mgongo kwa mgongo na kushuka mpaka chini bila kutumia mikono. Tulianguka mara mbili. Mara ya tatu alinifundisha, kwa sauti ya chini na ya ukali kidogo, kwamba nisiangalie miguu yangu, na kwamba uzito wangu nimpe wote, nisiuzuie. Nikajaribu kumpa. Ulikuwa mgumu kutoka.

"Bado unauzuia," akasema. "Tena."